Gia ya Pili ya King'ora

Jina la Taratibu alibandikwa kwenye karakana ya mabasi alikojifunzia kazi, nalo likamganda kama gundi. Kila alipomwona mtu anagonga beringi kwa nyundo au anavuta shafti kwa pupa, alisema neno hilo hilo: "Taratibu." Alimwambia mdogo, akamwambia mkubwa, mpaka msimamizi naye akaambiwa. Msimamizi akashika kiuno, akamtazama, akasema, "Sawa, Bwana Taratibu." Karakana nzima ikaangua kicheko, na mwenyewe akacheka nao. Tangu hapo jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu.

Kichekesho ni kwamba mtu mwenye jina hilo, ukiondoa familia yake, hakupenda kitu duniani kama magari ya mbio. Na ndani ya gari la mbio hakupenda kila kitu. Injini aliwaachia wenye injini, matairi akawaachia wenye matairi. Yeye alikuwa mtu wa giaboksi. "Injini ni fahali," alikuwa akisema, "lakini fahali asiye na kamba atakukanyagia mahindi yako mwenyewe." Ujanani aliwahi kuendesha, kwenye uwanja wa mbio uliokuwa tambarare kama meza, akashinda mara chache na kushindwa mara nyingi. Alipooa, mkewe alimwambia kwamba hakupenda kuitwa mjane kabla ya kuitwa mama, basi akaachia usukani na kubaki na spana. Hakujuta. Alifungua gereji yake, chumba kirefu chembamba chenye rafu za mbao ukuta mzima, na juu ya rafu giaboksi zilipangwa kila moja imezibwa mdomo kwa tambara ili vumbi lisiingie.

Ukuta mmoja wa gereji ulikuwa pia ukuta wa duka la ushonaji la mkewe, na kati yake palikuwa na mlango. Mke alishona hapo pamoja na mtoto wao wa pekee, kijana mtulivu mwenye vidole vyepesi ambaye tangu utotoni hakutaka hata kusikia habari za magari, kwa sababu yalimtapisha. Sheria ya mlango ule ilikuwa moja: hapiti mtu bila kunawa mpaka kiwikoni. Ilitungwa baada ya Taratibu kuegemea meza ya ushonaji akiwa anasimulia jambo, akaacha alama ya kiganja kizima kwenye gauni la bibi harusi. Mke akalifunika doa kwa ua la kitambaa. Bibi harusi alipoliona akalipenda, akataka la pili upande wa kushoto. Hata hivyo sheria haikufutwa.

Sasa, siku iliyobadilisha maisha ya nyumba ile ilianza na giaboksi ya lori kuteleza kwenye jeki na kumwangukia mguuni. Siku hiyo hakusema "taratibu". Alisema mengine, ambayo mkewe hadi leo hataki yarudiwe mbele za watu. Ambulensi ikaitwa, akalazwa nyuma, na mwanawe akapanda naye ingawa uso ulikwisha kumbadilika rangi kabla hata gari halijaondoka.

Barabara ya hospitali ilikuwa na mashimo, mteremko mkali na mzunguko wa magari usio na adabu. Taratibu alikuwa amefumba macho kwa maumivu, lakini masikio yalikuwa wazi. Akasikia dereva anashuka kutoka gia ya nne kwenda ya tatu, akiipa injini mafuta kidogo tu, ili giaboksi ipokee bila kushtuka. Hapakuwa na kishindo. Kisha ya pili, vivyo hivyo, laini kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Nani anaendesha?" akamuuliza muuguzi.

"Tulia, mzee wangu."

"Nimetulia. Nauliza nani anaendesha."

Muuguzi alidhani maumivu yamempanda kichwani. Mwanawe hakuweza kusaidia lolote, maana wakati huo alikuwa ameinamia ndoo. Walipofika, milango ya nyuma ikafunguliwa na dereva akajitokeza: msichana mwenye mabega mapana, mikono ya shati imekunjwa, macho yenye utani. Akamtazama mzee aliyelala kwa utulivu, akamtazama kijana aliyekuwa rangi ya majivu.

"Mgonjwa ni yupi?" akauliza.

Vidole vya mguu vilipona, viwili vikabaki vimepinda. Kijana naye hakupona aibu. Alirudi hospitalini kumwomba dereva radhi kwa kumchafulia gari, na kwa kuwa hakujua kuomba radhi mikono mitupu, alibeba mapazia mapya ya madirisha ya ambulensi, aliyoyashona mwenyewe. Dereva akayapima kwa jicho, yakaenea barabara bila hata kupimwa kwanza. "Umeyashonaje na ulikuwa umeinama kwenye ndoo muda wote?" akamuuliza. Kutoka hapo yakafuata mazungumzo, na baada ya mazungumzo yakafuata mengine, na kabla mwaka haujageuka Taratibu alikuwa na mkwe anayeitwa King'ora na kila mtu mjini.

Alipata mkwe, lakini hakupata mtu wa kubishana naye. King'ora alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha kwamba baba mkwe habishiwi. Hospitalini aliweza kumfokea daktari aliyeegesha gari njiani, lakini akiingia gereji alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Ndiyo, Baba." Taratibu, ambaye naye alimwonea haya, alichukua majuma kadhaa kabla ya kumwuliza lile alilotaka kumwuliza tangu siku ya ambulensi. Akafunua turubai uani. Chini yake palikuwa na gari, salun ndogo ya kizamani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, aliyokuwa akiitengeneza kidogo kidogo bila kujua anamtengenezea nani.

"Mwanangu," akasema huku anakitazama kioo cha taa badala ya kumtazama yeye, "ungependa kuijaribu?"

"Ndiyo, Baba," akasema King'ora, na safari hii mikono yake ilitoka nyuma.

Nje ya mji kulikuwa na mlima, na mara kadhaa kwa mwaka chama cha wapenda magari kilifunga barabara yake ili kufanya mashindano ya kupanda. Gari lilipanda moja moja likishindana na saa. Njia ilikuwa nyembamba na yenye kona zilizojikunja kama kiwiko, moja ikikutoa mikononi ikukabidhi kwa nyingine. Msimu wa kwanza King'ora aliwashangaza watu, akawapita madereva wenye magari ya kutisha kuliko lake. Kisha, katika mazoezi ya mwisho, gia ya tatu ilitoa mlio kama mfupa unaovunjika. Taratibu alipomwaga oili, meno ya gia yalitoka nayo.

Angeweza kuitengeneza ile ile. Lakini fundi akipata dereva mzuri hupata na tamaa. Kulikuwa na gari la michezo lililogonga mti, ndugu wa ukoo mmoja na lile la kwake, na giaboksi yake ilikuwa nzima: gia sita, ngumu, nzuri kutazama. Aliileta nyumbani kama mtu aliyeleta mtoto mchanga, akaifungua, akabadilisha ringi za shaba na beringi zote, akaifunga tena. Mkewe alipomuuliza ina uzuri gani, alimweleza kwa kutumia ngazi iliyoegemea ukutani.

"Gia ya kwanza ina nguvu lakini haifiki mbali. Ya mwisho inafika mbali lakini haina nguvu. Kazi yangu ni kupanga vidato vya katikati. Vikiachana sana, kila ukipanda unahema. Hivi hapa vimekaribiana. Injini haitapoa hata kidogo, kila ikikaribia kuishiwa, gia nyingine hii hapa."

"Na mikono ya mtoto wangu King'ora itapumzika saa ngapi?" mke akauliza.

Taratibu akacheka. Baadaye alikiri kwamba swali lile lilitosha, laiti angelisikiliza.

Mashindano ya kwanza ya msimu mpya King'ora alirudi nyuma ya watu aliokuwa akiwaacha. Taratibu alimfuata chini ya mlima, akamuuliza, "Gia zinaingiaje?"

"Zinaingia vizuri, Baba."

Akadhani ni matairi, wakabadilisha matairi. Akadhani ni klachi, akaifungua, akaifunga. Mashindano ya pili yakawa mabaya kuliko ya kwanza, na jibu likawa lile lile, vizuri, Baba. Taratibu akaanza kujiuliza kama labda msimu ule wa kwanza ulikuwa bahati tu, na wazo hilo lilimtia unyonge kwa sababu alimpenda mkwe wake kama mwanawe wa kumzaa. Akawa anakula kimya.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa mkewe. Siku hiyo mchana alikuwa akipinda mashati ya wanafunzi, na ng'ambo ya meza mwanawe alikuwa akimpima King'ora ovaroli mpya ya mbio. Bega la kulia lilikuwa limevimba. "Umeumia wapi?" kijana akauliza, na King'ora, akidhani mama mkwe hasikii kwa sababu ya mlio wa cherehani, akajibu kwamba anapigana na usukani kwa mkono mmoja kila kona, kwa kuwa ule mwingine uko kwenye gia. "Usimwambie Baba. Ameihangaikia sana."

Mama yule akasimamisha cherehani. Alivuka mlango bila kunawa wala kumtaka mtu anawe, akamkuta mumewe ameinamia meza ya kazi.

"Mkwe wako anakuheshimu mpaka anashindwa," akamwambia. "Na wewe unaona haya mpaka humdadisi. Mficha uchi hazai, mume wangu. Kesho barabara imefungwa kwa mazoezi. Utapanda na yeye, kiti cha pembeni, na mimi nitawapeleka huko mwenyewe."

"Mke wangu, mimi na mkwe kwenye gari lile dogo, tumebanana…"

"Mlipanda ambulensi pamoja, hamkufa."

Asubuhi yake Taratibu alifungwa mikanda, akavishwa kofia ngumu iliyombana masikio, na King'ora akaliondoa gari bila kumtazama. Mwanzo ulikuwa mzuri. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zilipokezana kama wanavyopokezana maji watu wanaozima moto, na mzee akatabasamu ndani ya kofia. Kisha wakafika kona ya kwanza. King'ora akashuka hadi ya pili, akaliingiza gari ndani, na kabla halijafika hata katikati ya kona injini ikaanza kulia kwamba imefika mwisho. Mkono wa kushoto ukaachia usukani, ukaenda kutafuta ya tatu. Nyuma ya gari ikayumba. Bega lake likakakamaa kama kamba inayovuta ng'ombe, akalirudisha gari mstarini kwa mkono mmoja. Mara kona nyingine, ya pili tena, kilio tena, mkono ukatoka tena. Na tena.

Taratibu hakutabasamu tena. Alijiona ujanani, kwenye ule uwanja tambarare wenye njia ndefu zilizonyooka, anabadilisha gia kwa raha huku gari likienda lenyewe. Giaboksi hii alikuwa amemtengenezea yule kijana wa uwanjani, na yule kijana hayupo tena.

Juu ya mlima King'ora akazima injini. Upepo ukasikika.

"Kila kona ni hivi?" mzee akauliza.

"Kila kona, Baba."

"Na ulikuwa ukiniambia inaenda vizuri."

King'ora akavua kofia, akaiweka mapajani. Kisha akapiga moyo konde. "Inaenda vizuri, Baba. Ila ingeenda vizuri mahali pengine."

Ikawa kama mfereji umezibuliwa. Akamwambia kuhusu kona ya jabali na kona ya mti mkavu, na mahali anapofika akiwa na gia ambayo ni fupi mno wakati inayofuata bado ni ndefu. Alipoona mzee hakasiriki, akamwambia na jinsi kiti kilivyo chini mno, na jinsi kirungu cha gia kinavyomteleza. Mwishoni akasema analotaka: "Nataka gia ya pili itakayonitoa kona moja mpaka nyingine bila kuniomba mkono."

"Basi," akasema Taratibu. "Nimesikia."

Kusikia ni kitu kimoja, kumeza ni kingine. Mchana ule aliishusha ile giaboksi ya gia sita kutoka chini ya gari, akaifuta mafuta yote mpaka ikang'aa, akakaa mbele yake kwenye kigoda. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na ilikuwa kazi ya bure. Mkewe alipita, akaona, akamwachia chai. Chai ilipoisha, alisimama, akaiziba mdomo kwa tambara na kuipandisha rafuni, akaanza kuzishusha nyingine zilizokaa kule juu kwa muda mrefu.

Kesho yake alichora mlima mzima kwa chaki kwenye sakafu ya gereji. "Tembea," akamwambia King'ora, "na useme." King'ora akatembea juu ya chaki kama mtoto anayeruka vyumba vilivyochorwa chini, mkono wa kulia umeshika usukani wa hewa, wa kushoto umeshika gia ya hewa, akisema hapa ya pili, bado ya pili, bado, hapa sasa ya tatu. Mteja aliyekuja kuchukua sketi alisimama mlangoni akauliza kama binti yule hajambo. "Hajambo," akajibu mama mkwe. "Anapanda mlima."

Walipomaliza, jibu lilikuwa sakafuni. Hapakuhitajika gia sita. Palihitajika tano tu, giaboksi ya gari la kawaida la ukoo ule ule, la kupeleka watoto shule, ambayo gia yake ya pili ni ndefu na ya tatu iko karibu nayo. Taratibu alikuwa nayo rafuni na kila siku aliipita kama mtu anavyompita jirani. Tatizo lilikuwa moja: gia yake ya kwanza nayo ni ndefu, na mashindano huanza kwenye mwinuko.

"Tutabadilisha difu," akasema mzee, akigonga bakuli la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. "Tuweke yenye uwiano mfupi kidogo. Itaivuta kila gia chini, ili upate nguvu ya kuondokea."

"Hapana, Baba."

Cherehani ng'ambo ya ukuta ikanyamaza.

"Hapana?" akauliza Taratibu.

"Ukiivuta kila gia chini, unaniibia ya pili uliyonipa sasa hivi. Acha difu ilivyo."

"Utaunguza klachi kabla hujaiona kona ya kwanza!"

"Sijawahi kuunguza klachi ya mtu yeyote!"

"Hiyo ni ya ambulensi! Ile haina haraka kama hii!"

"Ambulensi haina haraka, Baba?"

Wakabishana mpaka wakachora tena, wakahesabu meno ya difu zote mbili kwa kugusa moja moja kwa kidole, na mwishoni King'ora akakubali kuijaribu ile fupi kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo kwenye kona na kubwa kwenye kuondoka. Nyuma ya ukuta mama mkwe alikuwa amekaa na sindano mdomoni, machozi ya kicheko yakimtoka. Mwanawe akamnong'oneza, "Wanagombana." Akamjibu, "Namshukuru Mungu."

Kazi ya kufunga ilichukua siku zao zote za mapumziko. Kirungu cha gia cha giaboksi mpya kilitokeza nyuma zaidi ya kile cha zamani, ikabidi sakafu ya gari ikatwe upya. King'ora alilala chini akishika taa na kuongoza shafti iingie kwenye klachi, Taratibu akiisukuma giaboksi kwa kifua, wote wawili wakisema "taratibu, taratibu" kwa pamoja mpaka ikaingia kwa mlio mdogo mtamu. Shimo la sakafuni lilizibwa na mtaalamu wa familia: kijana alishona mfuniko wa ngozi, mishono miwili miwili, uliokaa kwenye kirungu kama soksi. Kisha akatoka nje haraka kupunga hewa, ingawa gari lilikuwa juu ya mawe na halijasogea.

Siku ya mashindano Taratibu, mkewe na mwanawe walisimama kwenye tuta la kona ya jabali, mahali ambapo gari huonekana likiingia na kutoka. Lile salun dogo lilisikika kabla ya kuonekana. Taratibu akafumba macho. Akasikia ya pili inaingia, laini, kisha akasubiri kile kilio cha injini. Hakikuja. Injini ilipanda, ikapanda, ikaendelea kupanda kwa sauti moja ndefu iliyoshiba, kona nzima, na ndipo ya tatu ikaingia gari likiwa limekwisha kunyooka.

"Mikono yote miwili!" mwanawe akapiga kelele. "Baba, ameshika kwa mikono yote miwili!"

Hakushinda mashindano yote. Kulikuwa na gari moja lenye nguvu mara mbili ya lake, na hilo hata giaboksi ya malaika isingelifikia. Lakini alikuwa wa pili, na katika magari ya daraja lake hakuna aliyemkaribia. Aliposhuka, alimkimbilia Taratibu, akasita hatua chache kabla ya kumfikia, akakumbuka mafundisho ya bibi yake, kisha akayasahau na kumkumbatia mzee mbele ya kadamnasi.

"Kuondoka je?" Taratibu akauliza, sauti imezibwa na bega la ovaroli.

"Kuondoka ulikuwa sahihi, Baba."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikuwa sahihi mimi."

Tangu siku hiyo yule "Ndiyo, Baba" hakuonekana tena katika nyumba ile. King'ora sasa ana neno juu ya kila kitu: oili ni nzito mno asubuhi za baridi, redio ya gereji inapiga kelele, chai ya Baba ina sukari ya watu watatu. Taratibu humlalamikia mkewe kwamba alikuwa na mkwe mpole, sijui amekwenda wapi. Lakini jioni akisikia ambulensi inaegeshwa nje na viatu vya kazi vinakuja, huzima redio mwenyewe, hunawa mpaka kiwikoni, na humvutia kigoda cha pili karibu na meza ya kazi.